Nilivyoikomboa DVD yangu kwenye kazi ya kufukuza kunguru

Wakuu, salaam aleikum na poleni na jua.

Kipaji cha kutunga sina, kwa hivyo haya yapokeeni yalivyo. Mke wangu alikuwepo na humu anasoma, nikiongeza chumvi atanisuta.

Mimi ni mgonjwa wa filamu tangu utotoni. Wenzangu wakinunua viatu, mimi nanunua DVD. Za Kihindi, za karate, za majini, hata za lugha ambazo sijui neno moja.

Tulipooana tukapanga Ganjoni, flat ndogo. Mke akayatazama yale maboksi, akanitazama mimi, nikaelewa. Nikayapeleka Mji wa Kale, nyumba ya ukoo nyuma ya Ndia Kuu, anapokaa shangazi yangu, dadake marehemu baba.

Sasa kati ya zote hizo, moja ndiyo roho yangu.

Ni filamu ya wageni iliyopigwa humo humo Mji wa Kale nikiwa mdogo. Baba alipewa kazi ya kupita nyuma ya staa, amebeba godoro kichwani. Aliambiwa asiangalie kamera. Akaiangalia, tena kwa ukali, kama imemkanyaga.

Baba hakupenda kupigwa picha. Tangu afariki, pale ndipo pekee ninapoweza kumuona akitembea. Online haipo, nimetafuta mpaka nikachoka. Hiyo copy niliipata kwa mchuuzi Mwembe Tayari, na kompyuta yangu haina hata pa kutia DVD.

Miezi kadhaa iliyopita tukaifuata mimi na mke. Maboksi matupu!

Shangazi hutengeneza achari, na maembe huyaanika juu kwenye paa. Kunguru wa Mombasa mnawajua, haya hawana. Mtu kamwambia vitu vinavyometa huwatisha. Nikapanda ngazi, nikakuta maktaba yangu yote inaning'inia kwenye kamba za nguo, na kunguru wamejipanga juu yake wanakula maembe kwa raha zao.

Isipokuwa pembe moja. Pale hapakuwa na hata kunguru mmoja, na DVD iliyotundikwa pale ilikuwa ile ya baba.

"Hizo nyingine chukua," shangazi akasema. "Hiyo sikupi. Ndiyo iwafukuzayo."

"Shangazi, ni baba huyo."

"Kwani mimi simjui? Hata enzi za uhai wake, akipanda huku juu kunguru wote hao, wanapaa! Mwache afanye kazi."

Nikaanza kumtafutia badala. Nikatundika ya vita pembe ile, kunguru akatua. Nikatundika ya kutisha, ile iliyonifanya nilale na taa, kunguru akajitazama humo akajipanga manyoya. Wakuu, nimesimama juani nawachagulia ndege filamu, na niko serious kabisa.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula maembe ya watu.

"Tundika ya harusi yetu," akasema.

Nikacheka, nikaitundika. Walipaa wote, mpaka wa paa la jirani.

"Itakuwa wameiona ile suti yako," mke akasema.

Shangazi akaridhika, akaifungua ya baba kwa mkono wake. Nikaigeuza. Upepo ulikuwa umeisugua ukutani, mikwaruzo mitupu.

Tukashuka sebuleni, tukaitia kwenye player yake ya zamani. Ikaenda, ikaruka, ikaenda. Baba akatokea na godoro lake, akageuka, akatukazia macho.

Ikaganda hapo hapo.

Nikabonyeza kila kitu, wapi! Nilikaribia kulia. Nilikuwa nataka tu nimuone akivuka njia.

Shangazi akasogeza kiti mpaka karibu na TV. Akajitengeneza leso yake, akamtazama kakake.

Kisha akamwambia, "Litue hilo godoro, kakangu. Ushachoka."

Hakuna aliyezima.

Siku hizi Ijumaa baada ya swala tunakwenda kula kwa shangazi. Tunaitia, inaganda palepale, na sahani zinapakuliwa mbele yake.

Funzo: kitu ukipendacho kitolee copy kabla shangazi hajaanza kuanika.

Karibuni mchangie, na matusi kidogo naruhusu. Ila mwenye dawa ya kuondoa mikwaruzo kwenye DVD, nakuomba kwa heshima zote, usiniandikie.