Bi Nukta na Wanafunzi wa Meli

Pale kiwandani walimwita Bi Nukta, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Chini kulikuwa na mashine za kuchapa, juu kulikuwa na chumba chenye dirisha moja, na humo ndimo alimosoma kila kitu kabla hakijaingia mashineni: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya shule, ripoti za mashirika. Alisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, midomo ikichezacheza. Mgeni angedhani anasali.

Midomo ile ilikuwa na sababu. Alipoajiriwa, angali msichana mpiga chapa, alikalishwa karibu na msahihishaji wa wakati huo, mama mmoja mwenye ulimi mkali na roho nyeupe. Siku moja mama huyo alimrudishia karatasi ya Kiingereza aliyokuwa ameandika "a MP", akamwuliza kwa nini. Msichana akajibu kama alivyokaririshwa shuleni, kwamba "an" hukaa mbele ya irabu, na M si irabu.

"Soma kwa sauti," mama akamwambia.

"Em-pii."

"Mdomo wako umeanza na nini?"

"Na e."

"Basi yaachie masikio kazi hiyo. Macho yatakudanganya."

Tangu hapo hakuandika kifupisho cha Kiingereza bila kukitamka kwanza. Aliandika "an SMS" na "an X-ray", kwa kuwa es na eks huanza na irabu mdomoni, ingawa kwenye karatasi hazionekani hivyo. Aliandika "a UN report", maana ile U, irabu kwa macho, Kiingereza huitamka yuu. Na vile vifupisho ambavyo watu huvisoma kama neno zima, bila kutaja herufi moja moja, navyo vilifuata sauti ya neno lao. Kanuni ilikuwa moja tu: watu wanasemaje? Aliipenda kanuni hiyo kuliko zote. Katika lugha ile ya kuazima, yenye sheria zisizo na huruma, hapa palikuwa mahali ambapo mdomo wa mtu wa kawaida ndio uliokuwa na kauli ya mwisho.

Kisha masikio yakaanza kumtoroka.

Hayakuondoka kwa kishindo. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, mlio wa simu, vicheko vya wajukuu. Kisha maneno yakawa yanamfikia yamekatwa vichwa. Akiwa kazini alihamisha kiti chake akae mgongo ukutani, aweze kuona nyuso zote, na watu wakicheka naye alicheka. Alijifunza kusoma midomo bila kufundishwa na mtu. Nyumbani alimlaumu mumewe, fundi cherehani aliyeshonea barazani, kwamba siku hizi anamung'unya maneno.

"Chai imepoa," mume alimwambia asubuhi moja.

"Nani ameoa?"

Mume alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Bi Nukta naye alicheka, lakini kwa ndani kitu kilimchoma. Binti yao, aliyekuwa ameolewa mtaa wa pili, alimsihi aende kupimwa. Akaahidi, akapiga chenga, akaahidi tena. Aliogopa jambo moja. Msahihishaji asiyesikia, alijiambia, ni wa nini?

Ndipo ikaja kazi ya chuo kipya cha mafundi wa maabara za hospitali. Chuo kiliitwa kwa kifupi MELI, na kilitaka kijitabu cha Kiingereza cha kuwapokea wanafunzi wake wa kwanza. Mpangaji wa kurasa, baba wa mapacha aliyekaa meza ya pili, alikuwa ameandika "a MELI student" kila mahali. Bi Nukta alipolifikia neno hilo akalitamka kimyakimya, herufi baada ya herufi: em, ii, el, ai. Mdomo umeanza na e. Akashusha kalamu nyekundu, na kila "a" ikawa "an".

Mpangaji alimfuata mezani akasema neno. Bi Nukta hakulidaka, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameinamia karatasi na midomo haikuonekana. Angeweza kumwomba arudie. Badala yake akatabasamu, akagonga karatasi kwa kidole, akasema kanuni ni kanuni. Yule bwana alimheshimu kama shangazi yake. Akarudi kwenye kiti chake, kijitabu kikachapwa.

Siku ya kukabidhi kazi, mkuu wa chuo alikuja mwenyewe, mama mrefu mchangamfu aliyesalimiana na kila mtu hadi waendesha mashine. Meneja aliwaita wote juu. Mkuu akafungua kijitabu, akaona fahari kusoma aya ya kwanza kwa sauti. Bi Nukta alikaza macho mdomoni mwake.

Alipofika kwenye jina la chuo, mkuu alikwama. Akarudia, akakwama tena, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Na safari hii Bi Nukta aliona. Mtu anayesema "em" hufungua mdomo kwanza, ndipo midomo ikutane. Midomo ya mkuu ilikutana moja kwa moja, kisha ikafunguka. Hakuwa akitaja herufi. Alikuwa akisema "meli", neno zima, kama chombo cha baharini.

Papo hapo akamkumbuka jirani yake, aliyempasha habari kwa furaha kwamba kijana wake amepata nafasi Meli. Yeye alikuwa amempa pole kwa kuwa mtoto atakuwa mbali, akamwombea mawimbi yatulie. Jirani aliduwaa, na sasa alijua kwa nini. Mji mzima ulikuwa unasema Meli, redioni na madukani, na neno lilikuwa limepita pembeni mwake kama upepo.

Meneja alishamtetea kabla hajafungua kinywa. Alimweleza mkuu kwamba huyu mama hajawahi kukosea, kwamba bila shaka Kiingereza sanifu ndivyo kinavyotaka. Mkuu akaanza kuitikia kwa kichwa kwa adabu, tayari kukubali. Mpangaji alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Heshima yake ingebaki nzima, na wanafunzi wangejifunza kukwama kama mkuu wao.

Bi Nukta akapiga moyo konde.

"Si Kiingereza," alisema. "Ni mimi. Mwenzangu aliandika sawa, nikamharibia. Nilidhani mnataja herufi moja moja. Sikujua mnavyolisema, kwa sababu sisikii. Ni siku nyingi sasa sisikii vizuri."

Mkuu wa chuo akavuta kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso, akasema polepole kwamba kwake kosa ni la herufi moja tu, na kwamba katika hospitali iliyo jirani na chuo kuna mpimaji wa masikio anayemwamini. Meneja akaagiza kurasa zichapwe upya, na hakulitaja tena jambo hilo.

Mpimaji hakumficha: kilichopotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Akampa vifaa vidogo vya kuvaa. Siku za mwanzo vilimchosha, kila kijiko kiligonga kama nyundo. Kazini akabaki na kalamu yake. Kifupisho kigeni kikija, mpangaji humgeukia na kukitamka uso ukiwa kwenye mwanga, na yeye huamua ni "a" au "an". Anaamua sasa kwa macho na masikio yote mawili, na haoni haya kusema, "Rudia, baba."

Jambo lililomuuma zaidi hakulipata kazini. Jumamosi moja mchana alikaa na mumewe barazani, akamwuliza mbona siku hizi hamsimulii habari za wateja kama zamani. Mume alisimamisha cherehani.

"Niliacha," alisema. "Jambo kubwa nilikuwa narudia mara tatu, sikuchoka. Lakini mambo madogo, mama watoto, ukiyarudia yanakufa."

Bi Nukta alifikiria mambo madogo mangapi yamekufa barazani hapo, naye akiwa hatua chache tu, akisoma. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

Mume akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kisha akaanza kumweleza habari za mteja mmoja mnene aliyekataa katakata kupimwa kiuno, akataka fundi akisie kwa heshima.

"Ukakisia?" mkewe akauliza.

"Nilikisia. Sasa anadai nimemtukana."