Kompyuta inayougua nyumbani, ikifika kwa fundi inapona

Saa mbili asubuhi, kwenye ushoroba mwembamba kati ya kinyozi na muuza viatu, fundi kompyuta anayejulikana kwa jina la Bisibisi anakaza skrubu ya mwisho. Anapuliza vumbi ambalo halipo, kisha anaipiga kofi la mapenzi kompyuta iliyolala mbele yake.

"Mashine nikishaifunga mimi, hairudi," anatangaza, sauti ikiwa pana kuliko ushoroba wenyewe. "Ukiona imerudi, jua imekuja kunisalimia."

"Tumesikia," anajibu kinyozi bila kugeuka. "Hata huyu aliyesinzia kwenye kiti changu amesikia."

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Kabla ya wiki kwisha, mashine ileile ilikuwa imekuja kusalimia mara tatu.

Mwenye mashine ni mhariri wa video za harusi, mama wa makamo aliyegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa studio. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa inajikokota, akamwomba Bisibisi aiongezee nguvu. Bisibisi akaiwekea kumbukumbu mpya na kadi ya video, lile bamba nene lenye feni mbili linaloisaidia kompyuta kubeba picha nzito.

Kazi ile haikuwa ya mteja mmoja. Mhariri huyo ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wenye studio, na alikuwa ametamka waziwazi: yangu ikitulia, mashine zote za kikundi ni zako.

Na mashine za kikundi maana yake ni chumba. Mkabala na kinyozi kuna chumba chenye mlango na dirisha, ambacho mwenye nyumba alikubali kumshikia Bisibisi hadi mwisho wa mwezi tu. Kwa miaka minne dada huyu alikuwa amefanyia kazi kwenye kimeza kilichobanwa ukutani, akiinuka kila anapopita mtu mwenye mzigo.

"Siku nzuri napata wateja watano," anasema. "Siku mbaya napata stori tano za kinyozi."

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, fundi redio, aliyemruhusu kufungua chochote mradi akifunge. Alipomaliza sekondari, ndugu walimtafutia kazi ya mapokezi kwenye ofisi yenye zulia. Hakudumu. Alifungua simu ya ofisi kutaka kujua kwa nini inakwaruza.

"Niliifunga vizuri," anajitetea mpaka leo. "Ilibaki skrubu moja tu, tena ndogo."

Simu ya mhariri ilikuja jioni ileile ya majigambo.

"Fundi, imezimika! Bwana harusi ananyoosha kidole avalishwe pete, kioo kikawa cheusi tii."

"Umegusa nini, dada?"

"Nimegusa kiti. Nimekikalia. Kuna ubaya?"

Mashine ikaletwa. Bisibisi akailaza mezani, akaiwasha, akaichezesha video moja baada ya nyingine kutwa nzima. Haikukohoa. Ikarudishwa kwa mwenyewe. Ikazimika kabla hajavua viatu.

Hapo ndipo lawama zilipoanza kugawiwa. Kwanza ulilaumiwa umeme wa nyumba ya watu. Kisha likalaumiwa joto, feni ya tatu ikaongezwa. Kisha virusi, programu zote zikafutwa na kuwekwa upya. Hata kumbukumbu mpya zilitolewa, za zamani zikarudishwa. Kwa Bisibisi mashine ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Kwa mhariri ilizima ilipojisikia: mara baada ya saa nzima, mara baada ya dakika.

"Labda haimpendi mume wa yule mama," kinyozi alikisia.

"Mume wake amesafiri."

"Basi imemkumbuka."

Mara ya tatu mhariri hakuwa na utani. "Mdogo wangu, mimi nakupenda," alimwambia, "lakini bibi harusi hawezi kusubiri video mpaka apate wajukuu. Jumamosi kikundi kinakutana. Nikawaambie nini?"

Bisibisi anakiri kwamba siku hiyo alikipita kile chumba chenye mlango akiwa ameangalia pembeni, kama mtu anayemkwepa mchumba aliyemwacha.

Ijumaa aliifuata mashine hukohuko inakougulia. Aliketi studio akiikodolea macho. Mtu akafunga mlango kwa nguvu, kioo kikafa. Akaiwasha. Lori likapita barabarani, kioo kikafa tena.

"Ndipo nikafanya kipimo changu," anasimulia, kidole juu kama mhadhiri. "Nikajiuliza, kwangu na kwake tofauti ni nini? Kwangu inalala, kwake inasimama. Nikailaza sakafuni makusudi."

Ikawaka. Mlango ukabamizwa, ikaendelea kuwaka. Ukabamizwa tena, kwaya ya harusi ikaimba mpaka mwisho. Akaisimamisha, mlango ukagongwa mara moja tu, giza.

Alipoifungua aliona mwenyewe. Kadi ile nene ilikuwa imeinama kama abiria anayesinzia. Skrubu mbili za kuishikilia mgongoni mwa sanduku hazikuwepo. Zilikuwa zimebaki kwenye kifuniko cha chupa, juu ya kimeza cha ushorobani.

Kule ushorobani hakuna nafasi ya kusimamisha kompyuta, kwa hiyo kila mashine ilifanyiwa kazi na kupimwa ikiwa imelala. Ikilala hivyo, kadi hukaa wima na uzito wake wenyewe huikandamiza mahali pake, haihitaji kushikwa na mtu. Ikisimamishwa, kadi inaning'inia, na kila mtikisiko unaivuta kidogo kutoka kwenye tundu lake. Bisibisi aliipima bila skrubu, akaridhika, akafunga kifuniko. Akajigamba.

Skrubu zikafungwa, kumbukumbu mpya zikarejeshwa, na bwana harusi akavalishwa pete yake. Jumamosi kikundi kilikutana na kumpa Bisibisi kazi, kwa sharti moja: mashine yoyote isitoke kwake bila kupimwa ikiwa imesimama, na mlango ubamizwe.

Leo anao mlango wa kubamiza. Chumba ni chake, kina meza mbili, na kabla mteja hajakabidhiwa mashine, Bisibisi anaisimamisha, anaiwasha, kisha paa! Anaubamiza mlango mpaka dirisha linatetemeka.

"Jirani, taratibu!" kinyozi anapiga kelele kutoka upande wa pili. "Ipo siku nitaondoka na sikio la mtu!"

Meza ya pili bado ni tupu. Bisibisi anataka mwakani iwe ya wasichana wanaomaliza sekondari na kukosa pa kushika. Watatu wameshaomba nafasi. Hawatalipa ada. Watalipa kwa kusaidia kazi za kikundi, kama yeye alivyomlipa mjomba.

"Nataka wajue kufikiri, siyo kukaza skrubu tu," anasema, kidole kikipanda tena. "Somo la kwanza litakuwa kile kipimo changu cha kulaza. Kile hakipo kwenye kitabu chochote. Kilitoka hapa." Anajigonga kichwani.

"Kipimo gani?"

Ni mhariri wa video, amesimama mlangoni na kompyuta ya mwenzake mikononi.

"Cha kulaza, dada. Pale kwako. Nilipoilaza makusudi..."

"Makusudi?" Mhariri anaitua kompyuta mezani ili acheke vizuri. "Mdogo wangu, ulikuwa umekata tamaa, machozi haya hapa. Nikakuletea chai, ukakosa pa kuweka kikombe, ukailaza ile mashine ukaifanya meza. Mimi ndiye niliyekuambia, mbona leo haizimi?"

Upande wa pili, mashine ya kinyozi inanyamaza ghafla ili asipitwe na neno.

Bisibisi anaangaza macho huku na huku akitafuta skrubu ya kukaza. Hakuna.

"Sawa," anasema hatimaye. "Basi na vikombe ninunue. Wanafunzi watavihitaji."