Mininga Minne ya Mama Mkwe

Nilipoolewa Chanzuru nikitokea Magomeni, mjini Kilosa, nilikwenda na sifa moja tu: usafi. Nilifagia uwanja mpaka kuku wakaona haya kuchakura. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mkulima, mtu wa maneno machache, nami nilitamani sana anipende.

Yeye alipenda miti. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yamejaa, na kila aliyepata vijisenti alitaka kitanda cha mninga na makochi ya mninga. Kabla sijaolewa, alipokwenda kumsalimia dada yake Mikumi, aliona malori yakipita na mbao, moja baada ya jingine, akaingiwa na hofu kwamba mininga itakwisha. Akarudi na matunda ya mninga kwenye pindo la khanga. Watu wakamcheka, mninga haupandwi, walisema, hujiotea porini. Alikaa na kisu akayapasua matunda yale, ambayo katikati yana miiba na pembeni ni membamba kama karatasi, vidole vikamtoka damu. Mbegu nne zikaota nyuma ya nyumba.

Marehemu mumewe alikuwa mpasua mbao. Alifika Tabora, Mpanda na Songea, na kote huko aliukuta mninga. Huko kusini wengine waliuita mtumbati, lakini ubao ulikuwa uleule, haupindi na mchwa hawauwezi. Mengine mama mkwe aliyajua mwenyewe. Magome yake aliyachemsha kwa ajili ya tumbo la kuhara, na utomvu wake mwekundu ulitia rangi. Siku moja bwana misitu alimwambia kwamba jina la kitaalamu la mti huo limetokana na Angola. Alikasirika kwelikweli.

"Angola wameutolea wapi, na upo hapo Mikumi?"

Bwana misitu akamweleza kwa upole kwamba kwao ni kote, kuanzia huku kwetu hadi Angola, na kushuka mpaka Afrika Kusini. Mama mkwe bado hakuridhika.

"Basi wangeandika na Mikumi."

Nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, ila sikujua namna ya kumwonyesha isipokuwa kwa kufagia na kulima.

Mwezi wa tisa, yeye akiwa shambani, nilikwenda kusafisha nyuma ya nyumba. Ile miche minne niliyoikuta na majani mabichi nilipoolewa sasa ilikuwa vijiti vikavu. Nikasema maskini, imekufa, ngoja nimwondolee uchungu wa kuitazama. Nikang'oa wa kwanza kwa jembe, nikang'oa wa pili, nikaitupa kando bila kuitazama. Kwenye wa tatu jembe liliibuka na damu. Nilitazama mguu wangu, ulikuwa mzima. Damu ilikuwa inatoka kwenye mzizi, mnene kama muhogo mchanga, na uhai wote umejaa humo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mninga mchanga hufa juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku chini unanenepa.

Nilikaa chini palepale mpaka aliporudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimeua miti yako."

Angenigombeza ningeshukuru. Alitua kapu lake, akaiokota mizizi mitatu na kuigeuzageuza mkononi.

"Leta maji," alisema.

Tukaifukia upya, yeye akishindilia udongo kwa viganja. Nikamuuliza kama itaota. Akasema hajui, akaenda kubandika ugali.

Miezi miwili nilingoja mvua kuliko wenye mashamba makubwa. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikwenda kuchungulia. Chakula kilinishinda, hata wifi yangu akaanza kunong'ona kwamba nina mimba. Mama mkwe alinisemesha kama kawaida, na ukawaida ule ndio ulionitesa, maana sikujua ndani yake mna nini.

Mvua za vuli zikanyesha. Mche wa nne, ambao sikuugusa, ukachipua ndani ya wiki. Pale penye mitatu palibaki udongo mtupu, nami nikaanza kukata tamaa. Kisha Ijumaa moja, penye ule wa tatu, nikaona kichipukizi kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nilikimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa anapuliza moto.

"Mama, mmoja umeota."

"Najua. Umetoka tangu Jumanne."

Nilisimama mlangoni, miguu ina tope.

"Mbona hukuniambia, mama?"

Aliendelea kupuliza mpaka moto ukashika.

"Ningekuambia mimi, ungedhani nakufariji."

Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akanisogezea kigoda, akanimiminia chai.