Salamalimi

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Ndandalo kwenye msiba wa shangazi, na kwaya ya vijana ikaimba wimbo wa mama yangu. Waliimba vizuri, siwezi kuwanyima hilo. Lakini kiongozi wao aliposema ni utunzi wa "marehemu mwalimu wetu wa kwaya", niliinamisha kichwa nisije nikaharibu msiba. Nitakusimulia ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ni rafiki. Ila nikikisikia mahali kisa hiki kimegeuka chako, tutakosana.

Mama alikuwa mtunzi bila mtu kumwita mtunzi. Alitunga akitwanga mpunga, akimenya ndizi za mbalaga, akigeuza kokoa juani pale uani, harufu yake ya uchachu ikitufuata hadi kwenye nguo za shule. Wimbo ule aliutunga masika, mto Songwe ulipofurika na baba yuko ng'ambo, Malawi, alikokwenda kuuza mchele. "Mvushe, Bwana, mvushe salama salimini," aliimba, huku akilia. Mimi nilikuwa mdogo, maneno hayo yalinishinda, nikadakia "salamalimi". Mama alicheka hadi mchi ukamponyoka. Baba alipovuka salama, neno langu likabaki ndani ya wimbo, nami nikatembea kijijini kichwa juu kama niliyejenga kanisa.

Aliwafundisha wanawake wenzake wa kwaya kwa mdomo, jioni baada ya jioni. Mwalimu wa kwaya alikaa pembeni akitikisa kichwa, akisema, "Endelea, mama, endelea." Mpaka leo mtu akiniambia endelea, nafunga mdomo.

Ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa. Mitumba ikajaa, redio kaseti zikaingia, na kila kwaya ikataka kanda yake. Yetu ilikwenda Mbeya kurekodi. Mama hakwenda kwa sababu mdogo wangu alikuwa na homa. Siku moja tumekwenda Bondeni kununua chumvi, spika ya duka moja ikatoa wimbo wetu. Mama aliganda. Mwenye duka, mtu mstaarabu wa kutoka Tanga, akatusomea jalada: mtunzi, jina la mwalimu.

"Mtamu kwelikweli huu," akasema. "Umetoka kwenu, mama?"

"Umetoka kwangu," mama akajibu. Sidhani kama alimwelewa.

Jumapili yake, baada ya ibada, mbele ya kwaya nzima, mama alimuuliza mwalimu kwa adabu sana: salamalimi maana yake nini?

Mwalimu hakubabaika hata kidogo. "Hicho ni Kiebrania, mama. Maana yake amani isiyokwisha."

Nilingoja kicheko. Wale wanawake si ndio walikuwa wakiniita Salamalimi kila nikipita! Badala yake waliangalia sakafu, na jirani yetu, aliyekula kwetu mara ngapi sijui, akamshukuru mwalimu: "Ndaga, Mwalimu." Nilitamani kumng'ata. Kanda ilikuwa imewapa sare mpya na safari ya Mbeya, nani angefungua mdomo?

Mama hakugombana na mtu. Alitoka kwaya, basi, na kuanzia hapo akawa anawachunguza watu. Jirani akija kuomba moto, wimbo ulikatwa katikati. Wanawake wakipita na ndoo, aliwasindikiza kwa macho hadi wapotelee migombani. Mimi nikajipa kazi ya ulinzi. Nilicheza njiani, na nikiona mtu anakuja nilikohoa, mama anyamaze.

Siku hizi mpunga unakobolewa mashineni, na yule mwalimu amekwishazikwa kwa heshima zote za mtunzi. Hayo nimeyameza. Lisilomezeka ni la alasiri moja, nimekuwa msichana mkubwa, natoka kisimani. Nilimsikia mama kwa mbali akiimba kitu kipya, kizuri kupita ule wa kwanza. Nilitua ndoo, nikaingia uani polepole, nikitabasamu. Aliponiona akakatiza. Akanitazama kidogo, kisha akaanzisha wimbo wa kitabuni, ule ambao hata watoto wa Jumapili wanaujua. Akanipa mchi wa pili, tukauimba wote wawili mpaka mpunga ukaisha.