Mbwa Aliyejua Kidawida Tu

Udongo mwekundu wa Voi ukikutana na manyoya ya mbwa aliyeloa hutoa harufu kama ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka niliohamia mjini, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne. Bibi yangu alikuwa amezikwa kule Werugha, kwenye milima ya Taita, na mama akatuteremsha mlimani mimi na mbwa wa bibi, Kungu. Alizaliwa mweupe kama ukungu wa asubuhi aliopewa jina lake. Wiki haikwisha akawa mwekundu kama ndovu wa Tsavo, na weupe wake haukurudi tena. Joto lilimshangaza. Alichimba shimo chini ya mfereji wa maji wa ploti tuliyopanga chumba, akajilaza humo tumbo likiwa kwenye unyevu, akitazama watu kwa macho ya mgeni aliyedanganywa kuhusu safari.

Mama alikuwa mpishi wa wafanyakazi katika loji moja mbugani, na alirudi mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote nilijipikia, nikajifulia, nikajiamsha kwenda shule. Leo nina diploma ya uhandisi wa maji, lakini mtihani wa kwanza niliufanyia katika chumba kile cha mabati, nikaupita vizuri kama nilivyoipita mingine yote. Sisemi kwa kujigamba. Au labda ndiyo, najigamba, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Ila jioni nikishafunga mlango sikuwa na wa kuzungumza naye isipokuwa Kungu. Hakugusa ugali wake mpaka nimeze tonge langu la kwanza. Alikalia ndara yangu ya kushoto ili nisitoke. Treni ya mizigo ikipiga honi, aligeukia ukuta akasimama kimya kama mtoto anayekemewa. Na hakuelewa lugha yoyote ila Kidawida, lugha yetu Wataita, kwa kuwa bibi hakuwahi kumsemesha kwa nyingine. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa kizito, darasani walikicheka, basi maneno yote niliyoyabana mchana kutwa nilimmwagia yeye.

Jirani yetu, muuza nyanya aliyetoka bara, alikuwa akimfokea, "Wee, toka! Toka hapa!" Kungu akimtikisia mkia tu.

"Huyu ni wa mlimani, Kiswahili hajui," alisema siku moja.

"Hata mwenyewe bado anakitafuta," mkewe akadakia. Wakacheka, nami nikacheka, maana kutocheka kungeonekana.

Mwenye ploti, Bi Rukia, hakucheka. Alikuwa mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na kwake mate ya mbwa ni najisi. Mchana mmoja, mfereji ukiwa mkavu, nilirudi kutoka shule nikakuta Kungu ametumbukiza mdomo kwenye ndoo yake ya maji ya udhu, anakunywa kwa kelele.

"Wakesho!"

"Abee, Bi Rukia."

"Njoo uone kazi ya ndugu yako."

Nilikimbilia sabuni. Akanizuia kwa kidole. Ndoo ile ilitaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na akasimama juu yangu nikiisugua, maji akinichotea mwenyewe kutoka pipa lake. "Mimi na mnyama hatuna ugomvi," alisema. "Ila nina swala yangu, naye ana ulimi wake. Mama yako akija, mbwa aende."

Kwenda kulikuwa Kishushe, kwa mjomba aliyechunga ng'ombe kwenye ranchi. Magari ya huko yalikuwa ya kubahatisha. Nilijua kwamba Kungu akifika huko sitamwona tena, na chumba kile kitabaki na mimi tu. Nililia hadi Bi Rukia akapanga mawe mstari mmoja uani, kati ya mlango wangu na wake. "Akivuka haya hata ukucha, safari."

Nilimfundisha kwa neno la bibi la kumkalisha, na nikiwepo alikaa. Tatizo lilikuwa saa za shule. Bi Rukia akimwambia "Kaa!", Kungu alidhani anaitwa, akavuka mawe na kumwendea kwa furaha. Mama alitarajiwa Jumamosi. Ijumaa jioni nilikuwa napuliza jiko, Bi Rukia akasogea hadi kwenye mawe.

"Wewe, bibi yako alikuwa akimwambiaje?"

Nikamwambia. Akalirudia vibaya, Kungu akainamisha kichwa upande.

"Siyo hivyo, Bi. Mwisho wake unapanda."

"Unapanda! Watu wa mlimani nyinyi, hata maneno yenu yanapanda."

Akajaribu tena, kidole juu. Kungu akakaa palepale vumbini, masikio yamesimama. Bi Rukia akaziba mdomo kwa kanga akicheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia neno lile kwenye kinywa cha mtu mzima. Nikaendelea kupuliza jiko, ingawa lilikwisha kushika.

Mama alipofika kesho yake kumchukua mbwa, Bi Rukia alimwambia, "Muache. Tunaelewana."

Kungu alikufa kwa uzee nikiwa chuoni. Sasa nimerudi Voi, nimejenga ghorofa, nimechimba kisima kisichokauka, na geti langu hufunguka kwa rimoti. Nina mbwa wa mbegu ya kigeni aliyefunzwa kwa Kiingereza na mtaalamu. Bakuli likiwekwa anakula, niwepo nisiwepo. Jioni moja nilimwambia neno la bibi. Alitazama getini, akidhani kuna mtu.

Mwezi uliopita nikaenda kumwona Bi Rukia. Macho yake hayaoni vizuri, na mawe ya uani yaliondolewa zamani. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote: diploma, ghorofa, kisima, geti. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye rimoti. Kisha akainua kidole kama siku ile, akalitamka neno la bibi, mwisho wake ukipanda sawasawa.

Nikakaa.