Nilimpeleka Mama Spa Baada ya Edda

Mama alipomaliza edda ya baba, nilitaka apate walau siku moja ya kuhudumiwa yeye. Miaka sita alikuwa mhudumu. Baba alipooza upande wa kulia akiwa shambani kwetu Kondoa, na tangu siku hiyo mama ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, kisha akakimbilia alizeti yake kabla jua halijawa kali. Baba alipofariki, mama akakaa ndani miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila manukato. Nilipokwenda kumwona wiki aliyotoka, nilimkuta ameketi kwenye jamvi, mguu mmoja juu ya goti, anapunguza ngozi ngumu ya kisigino kwa wembe.

"Visigino vinauma, mama?"

"Vimezoea," akasema, akaendelea kukwangua.

Nilirudi Dodoma na neno hilo. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika wizara moja kule Mtumba, siku zangu zinapita katikati ya majalada, na mshahara wangu si wa kupelekana spa. Lakini nilikuwa na rafiki mwenye spa.

Tulilala chumba kimoja chuoni miaka mitatu, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Yeye ni Mgogo wa Mlali, kwao ni Wakristo, lakini baba alipofariki alifika Kondoa kabla ya baadhi ya ndugu zangu wa damu. Alikaa siku tatu. Alijifunga khanga, akachota maji, akamenya vitunguu na shangazi zangu, na jioni moja akamwuliza shangazi mkubwa edda ni nini hasa. Shangazi akamweleza yote, taratibu, na yeye akasikiliza huku ameshika kisu mkononi. Nakumbuka alisema, "Mama yetu ana kazi kubwa." Mama alimpenda kwa hilo. Tangu hapo, kila nilipopiga simu nyumbani, aliniuliza habari zake kabla ya kuniuliza zangu.

Kwa hiyo nilipompigia rafiki yangu kumwambia nataka kumleta mama, sikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Nilimwambia jambo moja tu.

"Mama akandwe na mwanamke. Na chumba kiwe chao wawili, mlango ufungwe."

"We! Unanifundisha mimi habari za mama?" akacheka. "Ikibidi nitamkanda kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikalipa kila kitu kabla ya siku yenyewe, kwa sababu aliniomba. Biashara ilikuwa changa, alisema, na kila kinachoingia kinamsaidia.

Mama alikuja Ijumaa kwa basi, akiwa na nia ya kukaa wiki nzima. Alileta dumu dogo la asali, akasema hilo si langu, ni la rafiki yangu. Jumamosi asubuhi alivaa dera lake la sikukuu na ushungi mweupe, akajitazama kwenye kioo changu mara mbili. Sikuwa nimemwona mama akijitazama kwenye kioo kwa miaka.

Tulipofika, magari matatu yalikuwa yameegeshwa mlangoni. Ndani, sebule ya mapokezi ilijaa wasichana waliovaa fulana za rangi moja. Alikuwepo bibi harusi mtarajiwa na marafiki zake, na kelele zao zilijaa nyumba nzima. Rafiki yangu akajipenyeza katikati yao, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama yangu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Biashara inakwendaje?"

"Sijambo, mama. Namshukuru Mungu." Akapokea asali, akafungua kifuniko akainusa, akafumba macho. Kisha mtu akamwita, akaondoka haraka. Siku hiyo sikuuona tena uso wake.

Tulianzia chumba cha mvuke. Tukakaa kwenye benchi la mbao tumejifunga mataulo, tukisubiri mvuke ambao haukuja. Dada mmoja akachungulia, akasema mashine inapata moto. Baada ya muda akachungulia tena, akasema hivyo hivyo. Mama akatazama kuta za mbao, akatazama dari.

"Mwanangu, hiki chumba hakina tofauti na ghala letu la mahindi. Ila ghala lina joto."

Tulicheka mpaka mataulo yakataka kutuanguka. Ndiyo sehemu ya siku ile ninayoweza kuikumbuka bila maumivu.

Kutoka hapo tukapelekwa kusuguliwa miguu. Mama akaingiza yake kwenye beseni, na dada mwingine, mpole, mwenye mikono yenye nguvu, akaanza kumsugua. Alisugua mguu wa kulia vizuri sana, kisigino kikawa laini, mama akawa anakitazama kama si chake. Kabla hajafika wa kushoto, sauti ikamwita kutoka upande wa wasichana. Akasema narudi sasa hivi, mama. Hakurudi. Mama akakausha miguu mwenyewe, mmoja laini, mmoja vile vile kama ulivyotoka Kondoa.

Nilianza kukasirika, lakini nikajizuia. Nikajiambia, rafiki yangu amezidiwa, kukanda kutafidia yote. Wakatutenganisha. Mimi nikapakwa udongo usoni, nikaambiwa nisiongee wala nisikunje uso kwa nusu saa. Mama akaingizwa chumba cha mwisho wa ukumbi. Alipogeuka kunitazama mlangoni, nikampungia mkono. Kupitia ukutani nilisikia wasichana wakiimba.

Nilipotoka, nikamkuta kwenye kiti cha plastiki ukumbini. Alikuwa amevaa kila kitu, hata viatu. Ushungi ameubana kwa pini chini ya kidevu, mkoba ameupakata kwa mikono miwili.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza. Twende nyumbani."

"Hawajatupa hata chakula, mama, kimo kwenye malipo."

"Twende nyumbani," akarudia.

Hakuwa na hasira usoni, wala machozi. Nilidhani amechoka. Tulikuwa tumeshafika nje, naita bajaji, niliposikia mtu akikimbia nyuma yetu. Alikuwa yule dada wa beseni. Akanivuta pembeni, macho yake yakiwa kwenye mlango aliotokea.

"Dada, naomba unisamehe. Mimi ndiye niliyepangiwa mama. Nimehamishiwa kwa bibi harusi. Kwa mama ameingia kaka yetu mmoja wa hapa."

"Kaka?"

"Nilimkumbusha bosi kwamba mmeomba mwanamke. Akasema hao ni watu wangu, hawana neno."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshaingia kwenye bajaji, amekaa kabisa kwenye kona, kama anampa nafasi abiria ambaye hayupo. Njia nzima nilijaribu kuanza. Tulipokaribia kwangu Nkuhungu nikasema, "Mama, kuhusu kule ndani." Akaniwekea mkono gotini. "Tutazungumza siku nyingine." Jumapili asubuhi akafunga mzigo wake. Wiki nzima aliyoniahidi ikawa siku mbili. Alisema amewakumbuka kuku.

Jumatatu, nilipotoka kazini, nilikwenda moja kwa moja spa. Sikupiga simu kwanza. Nilimkuta mapokezi anapanga mataulo, akanifungulia mikono nimkumbatie.

"Nimekuja kuchukua pesa yangu," nikasema. "Yote."

Wateja wawili waliokuwa wamekaa wakainua vichwa. Akanishika mkono, akaniingiza kwenye kiofisi cha nyuma na kufunga mlango.

"Umeanza lini kuongea na mimi hivi?"

"Mama alipewa mwanamume."

Akakaa. Akasugua paji la uso. Kwa muda mfupi nilidhani ataomba msamaha tu, na nakiri kwamba kama angeomba msamaha hapo hapo, kwa moyo, pengine ningeiacha ile pesa na leo tungekuwa pamoja.

"Ile siku ilinizidi," akasema. "Njooni tena, bure, wewe na mama, na shangazi mlete. Nitafunga mlango kwa ajili yenu tu."

"Mama hatakuja tena hapa. Narudishiwa pesa yangu."

"Na kijana mwenyewe ana adabu, amesomea. Hata hospitali si wanaume wanatuhudumia?"

"Hospitali wangemwuliza. Wewe ulijua. Ulikaa na shangazi yangu ukaelezwa mpaka mwisho. Ulijua kuliko mtu yeyote hapa Dodoma."

"Nilijua, ndiyo." Akaniangalia machoni. "Lakini wale walikuwa wateja wapya. Nikiwakosea, jioni wananianika mtandaoni. Wewe ni mtu wangu. Nilijua hutaniletea shida."

Alisema hivyo kwa upole, karibu kwa fahari, kama mtu anayenisifu. Ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa bahati mbaya. Alipima, upande huu wageni, upande huu sisi, akachagua nani aumizwe, na akatuchagua sisi kwa sababu tulimpenda. Ningekuwa mgeni, mama angekandwa na mwanamke.

"Naomba pesa yangu," nikasema kwa mara ya tatu. 

"Kweli unanidai mimi?"

"Nakudai."

Hakunipa siku ile. Alisema ameshanunulia mafuta na kulipa kodi. Alhamisi pesa iliingia kwenye simu yangu, kamili, na nyuma yake ujumbe: "Nimekurudishia yote. Kumbe miaka yote hii tulikuwa muuzaji na mteja." Niliusoma nikiwa masjala, jalada la mtu mwingine likiwa wazi mbele yangu, nikausoma tena, nikaandika majibu manne na kuyafuta yote.

Mwisho wa wiki, wenzetu tuliosoma nao walikuwa wameshapata habari. Mmoja alinipigia. "Ungemvumilia tu, jamani. Biashara changa. Umeenda kumwaibisha mbele ya wateja kwa sababu ya masaji?" Nilitaka kumweleza.  Lakini ningejitetea vipi bila kumtaja mama, alivyolala, mlango uliofunguliwa, aliyeingia? Hiyo haikuwa hadithi yangu ya kuisimulia. Nikasema, "Ni kweli, nilikasirika," na ikabaki hivyo, kwamba mimi ni mtu wa kudai.

Wiki ya tatu nilikwenda Kondoa. Nilimkuta mama anapepeta ulezi uani. Nikamwekea ile pesa kwenye khanga yake, nikamwambia imerudi. Akaitazama bila kuigusa.

"Ya nini hii?"

"Ya spa. Nimemdai, amerudisha."

"Umemdai kwa nini?"

"Kwa sababu nilimwambia akukande mwanamke, mama. Nilimwambia kabla, na akakubali."

Ungo ukasimama mikononi mwake. Kuku wakasogea kuokota punje pembeni.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Nililala kifudifudi," akaanza, akitazama ungo. "Nimefumba macho. Nikasikia mikono mgongoni, nikasema moyoni, huyu binti ana mikono mizito. Kisha akakohoa." Akatoa kijiwe kimoja kwenye ungo. "Mwanamume wa mwisho kunigusa alikuwa baba yako. Nilitaka ibaki hivyo."



"Lakini sikuumia kwa yule kijana. Nilipoinuka aliomba radhi, akatoka mbio, maskini, naye kaambiwa tu aingie. Niliumia kwa sababu nilidhani ni wewe. Nikasema, ndivyo wanavyofanya huko mjini, na mwanangu amekuwa wa huko, amenileta mwenyewe, nami nikaja kwa miguu yangu. Ulinipungia mkono mlangoni."

Wiki tatu. Wiki tatu nilikuwa nagombana na rafiki yangu kwa ajili yake, nikijiona mtetezi, na yeye akiwa peke yake na kuku wake ananihesabu mimi ndiye niliyemsaliti. Niliapa, nililia, nilimweleza kila neno la kile kiofisi, hata lile la "mtu wangu". Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi, nimeelewa," akanifuta uso kwa pembe ya khanga. Pesa alikataa. Nilinunulia mabati ya kuezeka jiko.

Nasema alielewa, na naamini alielewa. Rafiki yangu sijazungumza naye tangu siku ile, zaidi ya salamu moja kwenye sherehe ya mtu, kila mmoja akitazama bega la mwenzake. Nasikia biashara yake imekua. Nimewahi kupita kule mtaani na kuona magari mengi nje, nikashikwa na hasira kwamba hakuna lililompata.

Mwaka huu mama alikuja tena Dodoma, kwa ajili ya macho. Nilimpeleka kliniki, tukasubiri kwenye benchi tukiongea habari za mvua. Muuguzi alipoita jina lake, nikainuka kumshika mkono. Mama akasimama mbele ya mlango uliofungwa, hakusogea.

"Ndani kuna nani?" akaniuliza.

"Ni daktari tu, mama."

"Nenda kaangalie kwanza."

Nikafungua mlango, nikaingia, nikaangalia. Kisha nikatoka kumweleza.