Mshale Ulisema Imejaa, Nami Nikasema Buji

Hesabu yake ni hii: lita saba za petroli, dakika arobaini kando ya barabara, mutoto mumoja. Nimeipiga mara mbili, kama kawaida yangu. Inatoka ileile.

Zile lita saba hazikupotea. Vile viwili vingine ndivyo havikurudi.

Mukosaji ni minye, mimi mwenyewe. Naandika hapa juu ili musijichoshe kumutafuta mukisoma.

Ninauza muchele hapa Mulongwe, mujini Uvira. Naununua kwa wakulima wa Luberizi, naupakiza kwenye kamio, lori la mizigo, naushusha Uvira. Sokoni wananijua: hata kitu cha bure nakiombea punguzo. Nilikuwa najisifia hilo, jamani!

Nina moto pia, yaani pikipiki, na ndani ya moto hiyo kulikuwa na siri.

Zamani kidogo, petroli ilipokuwa ngumu upande wa pili wa mupaka, nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Akaikata rezervwari, lile tangi la petroli, akaweka ukuta wa bati ndani, akaifunga na kuipiga rangi. Rezervwari moja ikawa mbili. Upande mumoja unalisha moteri. Upande mwingine, wa lita saba, unabeba petroli ya kuvusha. Kati yao akaweka kirobine kidogo, koki ya kufungua na kufunga, kimejificha chini ya kiti. Ukikifungua, petroli ya siri inashuka upande wa moteri. Ukikifunga, hakuna anayejua kwamba iko.

Pale kwenye bariyeri ya mupaka wanafungua kifuniko, wanaona petroli kidogo ya muntu masikini, wanasema pita.

Kitu kimoja tu fundi hakukihamisha. Lile boya linaloelea ndani na kusukuma mshale wa joje, kile kipimo cha petroli, lilibaki upande wa siri.

Akaniambia wazi: "Patro, hii joje itakudanganya. Nikuhamishie boya?"

"Unaongeza ngapi?"

Akataja bei.

"Wacha idanganye," nikamujibu. "Minye siko mutoto."

Basi mshale wangu ukawa kama tajiri wa maneno. Upande wa siri ukijaa, unasema imejaa, hata kama moteri inalamba chuma. Nikishaiuza ile ya siri, unasema imekwisha, na minye natembea nayo siku nzima. Mimi nilikuwa na kijiti cha mwanzi chenye alama tano. Nafungua kifuniko, natumbukiza, nasoma. Hicho ndicho kilikuwa joje yangu ya kweli, na kilikaa mufukoni mwangu mwenyewe.

Siku moja watu wa bariyeri wakanikamata na petroli ya siri. Moto ikalala kwao juma nzima. Aliyekwenda kuniombea ni shemeki, bwana wa mudogo wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Mutarule, muntu ambaye hata chaki ya shule haipeleki nyumbani. Aliwaambia: "Niandikeni minye. Akirudia, muniite minye." Wakamwandika.

Tulipotoka akanishika mukono. "Shemeki, sina kitu kingine, niko na jina tu. Ule ukuta utautoa?"

"Kesho asubuhi," nikasema.

Baada ya juma moja akauliza tena. Nikamuambia umetoka. Akaitazama rezervwari, rangi inang'aa, akafurahi. Akamushukuru Mungu mbele yangu, ole wangu! Na ukuta ulikuwa palepale.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Nilikuwa nimelala Mutarule kwao, nikitoka Luberizi kununua muchele. Upande wa siri nilikuwa nimeujaza, ukingoja siku ya kuvusha. Upande wa moteri, kijiti kilisoma chini ya alama ya kwanza. Nikasema nitaongeza njiani. Lakini kamio ikafika mapema, na minye siachi magunia yangu peke yake na dereva. Nilikwisha kuyahesabu mara mbili, nikataka kuyahesabu ya tatu Uvira. Nikapanda juu ya muchele.

Moto nikaiacha kwa shemeki. Nikamupa ufunguo. "Nitaifuata kesho. Ukiwa na shida, itumie."

"Petroli iko?"

Nikazungusha ufunguo, mshale ukapanda mupaka juu. "Angalia mwenyewe."

Mudogo wangu alikuwa mulangoni na tumbo lake la miezi tisa, anacheka. "Yaya wangu mukubwa leo anatoa kitu bila kuuliza bei! Mvua itanyesha leo!"

Kwa nini sikusema pale? Kusema "petroli ni kidogo" kungeleta swali: na mshale? Na swali la mshale lingeleta ukuta. Nikahesabu, nikaona kunyamaza ni rahisi.

Kesho yake, jua limesimama, nilikuwa napimia mama mumoja wa restora muchele. Ananisumbua.

"Kopo yako umeigonga chini, baba. Iko na tumbo ndani."

"Mama, kopo ilizaliwa hivyo."

"Basi weye na kopo muko mapacha."

Simu ikalia. Shemeki.

"Shemeki, moto imezimika. Niko na mudogo wako, uchungu ulimushika usiku, sasa damu inatoka. Muganga wa kituo cha afya ametutuma hospitali, Uvira. Tumetembea kidogo tu, imezimika. Nifanye je?"

Nilijua palepale. Kabla hajamaliza nilikwisha kujua: moteri imemaliza tone lake. Na chini ya mapaja yake kulikuwa na lita saba. Neno moja tu: inua kiti, fungua kirobine. Mutoto wa darasa la kwanza angeliweza.

"Mshale unasema nini?" nikauliza. Niliuliza, jamani! Kama asiyejua!

"Imejaa."

"Basi ni buji, haitoi cheche. Itoe, isafishe, ipulize."

Nilijiambia: mimba ya kwanza inakawia. Nilijiambia barabara ile iko na magari. Nilijiambia kwamba nikisema kirobine, nitakuwa nimesema ukuta, na nikisema ukuta, nitakuwa nimesema kwamba jina lake niliandikisha kwa uongo. Nilipima huku na huku, kama muchele.

Simu ya pili. Nasikia upepo, na nyuma yake sauti ya mudogo wangu, inalia pole pole kama muntu anayehesabu.

"Nimesafisha buji mara tatu. Haiwaki. Shemeki, nifungue kifuniko niangalie petroli?"

Angefungua angeona upande mukavu. Angeuona ukuta.

"Usifungue!" nikasema. "Upepo wa huko bondeni utaingiza vumbi, moteri itakufa kabisa. Mshale si uko juu?"

"Uko juu. Na nikiitikisa nasikia petroli inacheza ndani."

"Sasa? Ni buji. Rudia."

"Aksanti, shemeki," akasema. Aliniambia aksanti!

Yule mama alikuwa bado ananingoja na mufuko wazi. Nikamupimia kopo tatu zilizobaki. Ndiyo, nilizimaliza. Nilipomaliza kopo ya tatu nikapiga simu niseme yote. Ikalia bila jibu. Walikwisha kupanda kamio moja ya mihogo, na simu ilikuwa ndani ya kikapu.

Tangu simu ya kwanza mupaka ile kamio, ni dakika arobaini. Nimeziangalia kwenye telefone yangu.

Mudogo wangu aliokoka. Mutoto, mwanaume, hakulia. Muganga wa hospitali alisema sentensi moja tu: "Mungefika mbele kidogo, tungemukuta muzima." Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananawa mikono.

Kesho yake nilikwenda kuchukua moto, walikuwa wameiacha kwenye nyumba ya kando ya barabara. Watu wakajikusanya kuniambia imekufa, mwalimu ameihangaikia mupaka machozi. Nikajifanya kufunga kamba ya kiti. Mukono ukaingia chini, ukafungua kirobine. Nikahesabu mupaka kumi. Nikapiga kiki mara moja.

Ikawaka.

"Eee, huyu anajua moto!" muzee mumoja akasema, na wengine wakapiga makofi.

Nikapanda nikaenda zangu. Sikulia. Mupaka leo sijalia. Nakula, nauza, narudisha chenji bila kukosea. Nilingoja uchungu ufike, kama muntu anavyongoja mudeni, lakini haufiki. Mahali pake kuna baridi tu.

Kwenye kilio cha mutoto wazee walinishukuru. "Huyu alijitoa, alimuachia shemeki moto yake!" Walinipa kiti cha mbele. Nikakikalia!

Na shemeki? Aliniomba ile buji, nikamufungulia nikaweka mupya; sasa iko ndani ya mufuko wa shati lake. Anakwenda nayo mupaka darasani. Anapokaa anaitoa, anaipuliza, anaiangalia kwa jua, anairudisha. Kila anayekuja kumupa pole anamwambia: "Ni minye. Sikujua kuisafisha. Miaka yote nafundisha watoto, buji moja imenishinda."

Mudogo wangu haongei sana. Siku moja tu, tukiwa wawili, anachambua maharage, akasema bila kuinua macho: "Yaya, nilikuwa nimekaa chini karibu na ile moto. Kila alipoitikisa nilikuwa nasikia petroli. Nilikuwa nasema kwa roho, si hii hapa?"

Nikamusaidia kuchambua maharage.

Ukuta nimeutoa. Fundi ameondoa bati na boya linaelea vizuri; nililipa bei aliyotaja bila kubishana, akashangaa. Sasa mshale unasema kweli tupu. Umechelewa, lakini unasema.

Nyinyi mulio na moto za kukatwa, na najua muko wengi: joje ya rezervwari iliyoguswa musiiamini, tumbukizeni kijiti. Moto ikizimika, fungua kifuniko kwanza, hata mwenyewe akikukataza. Hasa akikukataza! Na kama umeficha kitu ndani ya moto, usiiazime kwa muntu bila kumuonyesha. Aibu ya kuonyesha haijai hata kopo. Minye niliipima vibaya.

Sasa shida iliyonifanya niandike.

Katika familia yetu, bwana aliyepoteza mutoto na anajiona mukosaji anakuja kwa wakwe na mbuzi. Anapiga magoti mbele ya watu, anasema kosa lake, na mukubwa wa nyumba anamupokea, anamuinua. Baba yetu hayuko tena. Mukubwa wa nyumba ni minye.

Shemeki anakuja Jumapili hii, baada ya misa. Atapiga magoti mbele yangu aniombe minye musamaha, na buji mufukoni.

Nikisema mbele ya wote, ndoa ya mudogo wangu itabaki na nini, na wale waliomwandika jina watamufanya nini? Nikimuita pembeni kwanza, nitaanzia wapi: kwa ukuta, kwa mshale, au kwa zile kopo tatu? Na mudogo wangu asikie kutoka kwa nani? Nimehesabu njia zote mara mbili na kila moja inanirudisha palepale.

Jana shemeki alinipigia. Aliuliza, kwa heshima yake yote, kama wazee wetu wanapokea mbuzi mweupe, kwa sababu mweusi amekosekana.

Nilimuambia angoje, nitamujibu. Bado anangoja. Nimujibu nini?